Handaki Jeupe

Mama Uozumi alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa miaka arobaini alikata nywele za nusu ya wanawake wa mji wa Kurayoshi, na kazi ile ilimzoesha kupata jibu la kila swali, maana mtu aliyefungwa taulo shingoni hana pa kukimbilia. Sasa saluni ameifunga, na kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana anakuja ukumbi wa mtaa kujifunza kuchora kwa kalamu na wino. Taulo, kwa hiyo, lilikuwa limehamia shingoni kwa mwalimu.

Mwalimu mwenyewe ni Yasuji Kuwamoto, mzee wa miaka sitini na minne, mchoraji mstaafu wa ramani za viwanja. Hakuna mtu katika mji ule aliyeweza kuvuta mstari kama Yasuji. Alikuwa anachovya ncha ya chuma kwenye wino, anaigusisha kwenye mdomo wa chupa mara moja, kisha anashusha mstari bila rula mpaka mwisho wa karatasi, na wanafunzi wake saba, wote wastaafu, wanashusha pumzi pamoja naye. Alifundisha kwa kitabu kimoja tu, kilichochakaa hadi jalada likashonwa kwa uzi: *Kalamu na Wino kwa Anayejifunza Peke Yake*, juzuu ya kwanza. Namna ya kushika mpini wa kalamu. Mistari sambamba. Mistari ya kukatizana. Nukta. Mwisho.

"Mwalimu," Mama Uozumi alimwambia siku moja ya mwezi wa kumi, "samahani kwa kusema, lakini michoro yetu imepauka."

"Imepauka vipi?"

"Angalia huyu paka wangu. Ni paka mweusi. Mistari nimemwekea, mpaka mkono umeniuma. Lakini ukimtazama ni paka aliyefuliwa mara mia."

Wenzake walicheka. Yasuji hakucheka. Aliwaambia yale aliyokuwa akiwaambia kila siku, kwamba wino mwingi ni uvivu, kwamba anayejaza weusi anaficha udhaifu wa mstari wake. Alikuwa akiamini hivyo tangu ana miaka kumi na mitano, na mtu akiamini kitu kwa muda mrefu kiasi hicho, hata sababu yake haiangalii tena.

Mama Uozumi alifungua mkoba wake akatoa kitabu.

"Basi nieleze hiki. Kilikuwa saluni kwangu, kwenye magazeti ya wateja, sijui aliyekiacha ni nani. Wiki iliyopita nilipoona jalada lako nikasema, mbona namfahamu ndugu yake huyu."

Ilikuwa juzuu ya pili.

Yasuji hakuwa ameiona kwa miaka arobaini na tisa. Aliijua kabla hajaisogelea, kwa lile jalada la kijani na ule mkono ulioshika kalamu. Alijikuta ameweka chini mpini wake bila kufuta ncha, jambo ambalo kwa mwanafunzi angelikemea.

"Ukurasa wa thelathini na mbili," Mama Uozumi aliendelea. "Huu mchoro umejaa X. Kwenye nywele X, kwenye kivuli X, dirishani X. Maana yake nini?"

"Maana yake amekosea," Yasuji alisema. "Hapo ni mchoro wa mfano wenye makosa."

"Hapana bwana, soma hapa chini." Akaweka kidole kilichozoea mikasi chini ya maneno, akasoma kwa sauti ya mtu anayemsomea mteja gazeti: "'Mchoraji anapomaliza mistari, huweka alama ya X kwa penseli ya bluu hafifu kila mahali panapotakiwa kujazwa weusi. Bluu haionekani kiwandani wakati wa kuchapa. Msaidizi akiona X, hujaza wino.' Umeona? Sio kosa. Ni kama kusema, hapa tia. Mwalimu? Mwalimu, umekuwa mweupe."

Darasa siku ile lilifungwa mapema. Yasuji alisema kichwa kinamuuma, na Mama Uozumi, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akiona nyuso za watu kwenye kioo, alimwachia kitabu bila kuuliza swali lolote. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mambo yalikuwa hivi. Vitabu vile viwili vilinunuliwa pamoja na ndugu wawili, Eizo na Yasuji, kwa chupa tupu walizookota na kuuza majira yote ya baridi. Eizo alikuwa na miaka kumi na minane, Yasuji kumi na mitano. Walijifunza juzuu ya kwanza kwenye meza moja, upande huu na upande huu, wakigombania chupa moja ya wino. Juzuu ya pili walipeana ahadi wasiifungue mpaka ya kwanza iishe. Haijaisha, Eizo akapata kazi Tokyo kwa mchoraji wa katuni za magazeti, msaidizi wa wasaidizi. Akaondoka na juzuu ya pili, akamwachia mdogo wake ya kwanza. "Ukimaliza yako nitakutumia yangu," alisema stesheni, na akamkwaruza kichwa kwa kiganja kama alivyozoea.

Yasuji alimaliza, na badala ya kuomba kitabu, akachora hadithi nzima. Kurasa kumi na sita. Ilikuwa ni habari ya mtoto anayepeleka chakula kwa baba yake, mchimbaji wa handaki la reli mlimani, na theluji inaanguka, na mtoto anakimbia ili wali usipoe. Aliichora mwezi wa tisa na wa kumi, mama yake akidhani anasoma. Akamtumia kaka yake Tokyo, na hakuna kitu maishani ambacho Yasuji alipata kukitaka kuliko neno moja la Eizo: vizuri.

Mwezi wa kumi na moja kifurushi kikarudi. Hakikuwa na barua ndani. Posta ya kwao hairuhusu barua ndani ya kifurushi, na Eizo alikuwa mtu wa kufuata sheria hata pasipo na askari. Kulikuwa na kurasa kumi na sita tu, na juu yake X. X kwenye mdomo wa handaki, X kwenye nywele za mtoto, X chini ya mwavuli, X kwenye miti, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Yasuji alizihesabu. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

Sasa, mtoto yeyote wa kwao anajua. Shuleni jibu sahihi linazungushiwa duara, na lililokosewa linapigwa X. Yasuji alikuwa amepigwa X za kutosha kwenye hesabu, lakini mia mbili na kumi na mbili hakuwahi. Ni kweli hizi zilikuwa za bluu na za mwalimu huwa nyekundu. Aliliona hilo, akajiambia kaka yake amebana matumizi. Na zote zilikuwa mahali penye giza, hakuna hata moja iliyoangukia theluji. Hilo hakuliona, kwa sababu machozi yalimjaa, na baada ya machozi ikaja hasira.

Siku mbili baadaye ikafika postikadi. "Alama ni nyingi lakini usiogope, kazi ya siku tatu tu. Zimalize, unirudishie kabla ya mwaka mpya. Eizo." Yasuji aliisoma akasikia ndani yake mtu anayecheka. Alasiri hiyo ilikuwa zamu yake kuchochea moto wa kuchemshia maji ya kuoga. Alitia kurasa moja moja, kuanzia ya kumi na sita kurudi nyuma, na postikadi juu yake.

Hakujibu. Eizo aliandika tena mara mbili, barua ambazo Yasuji hakuzifungua, kisha akaacha. Sikukuu ya wafu ya mwaka uliofuata alipokuja nyumbani, Yasuji alikwenda kulala kwa rafiki yake. Miaka ikapita hivyo. Kwenye msiba wa baba yao Eizo alimfuata uani, akamuuliza kama bado anachora.

"Nachora viwanja," Yasuji alimjibu. "Huko hakuna X."

Eizo alimtazama, uso wa mtu aliyeambiwa utani wa lugha asiyoijua, kisha akarudi ndani kwa wageni. Tangu hapo walikuwa ndugu wa kadi za mwaka mpya. Kadi zenyewe zilikuwa zimechapwa tayari, hakuna hata mstari wa mkono.

Haya yote Yasuji aliyapitia siku ile mezani kwake, juzuu ya pili imefunguliwa mbele yake, chai imepoa. Alijiona mpumbavu, na hakukosea. Mke wake alipokuwa hai aliwahi kumwambia kwamba yeye hutunza kinyongo vizuri kuliko anavyotunza viatu, naye alikasirika wiki nzima, akithibitisha.

Kesho yake alikata karatasi. Alitaka kuzichora upya zote kumi na sita, azipeleke. Ukurasa wa kwanza ulikuja wenyewe: mtoto amesimama mbele ya handaki, chakula kimefungwa kitambaa, theluji, mlima. Mkono wake wa uzee uliuvuta vizuri zaidi ya ule wa utoto. Ukurasa wa pili haukuja. Alikaa nao siku nne. Alikumbuka kulikuwa na mfereji, au farasi, au mtu mwenye koleo. Alikuwa ametumia miaka arobaini na tisa kuzisahau kurasa zile, na alikuwa amefaulu. Basi akachukua penseli ya bluu, akaweka X kwenye ule mmoja kila mahali alipokumbuka, akaacha weusi bila kujaza.

Kisha akapiga simu Tokyo. Alipokea Fusae, mke wa Eizo.

"Shemeji Yasuji? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi kuna nini?" aliuliza, na swali hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la haki kabisa.

Alisafiri kwa treni mbili, ukurasa umelala ndani ya jalada gumu mapajani, na sanduku la maandazi ya kwao miguuni. Nyumba ya Eizo ilikuwa ghorofa ya pili, mtaa wa Itabashi, ngazi za chuma. Mlango ulikuwa wazi kabla hajagonga.

"Umenenepa, dogo," sauti ilisema kutoka ndani.

"Umeniona, kaka?"

"Nimesikia ngazi zinalalamika. Kuona, naona kidogo. Madaktari wanasema mishipa ya macho imekufa pembeni, imebaki katikati tu. Nikikutazama pua, masikio yako siyaoni. Si hasara kubwa. Ingia."

Eizo alikuwa amekuwa mdogo. Alikaa kwenye meza fupi, magoti chini ya blanketi la joto, miwani miwili imening'inia shingoni. Fusae akaleta chai, akasifu maandazi, akaenda jikoni akaacha mlango wazi ili asikie. Ndugu hawa wawili wakazungumza habari ya hali ya hewa. Wakazungumza habari ya makaburi ya wazazi, nani anafagia. Chai ikaisha.

"Kaka," Yasuji alisema. "Zile X."

"X zipi?"

"Kwenye kurasa zangu. Za handaki."

Uso wa Eizo ukachangamka. "Ee! Handaki jeupe! Dogo, wewe ulichora handaki jeupe kama kipande cha tofu! Mtoto anakimbilia ndani ya tofu! Nilicheka mpaka bosi akaniuliza nina nini. Siku mbili nilikaa nazo, naiba muda wa kazi ya watu, naweka X moja moja. Nikasema, huyu akitia weusi hapa na hapa, theluji itawaka yenyewe. Halafu ukanyamaza."

"Nilidhani ulikuwa unanikosesha."

"Nini?"

"X. Nilidhani ni makosa. Mia mbili na kumi na mbili."

Jikoni maji ya bomba yakafungwa. Eizo aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta uso wa mdogo wake kwa ile tundu iliyobaki.

"Kama mwalimu wa hesabu?" aliuliza polepole.

"Kama mwalimu wa hesabu."

"Lakini ilikuwa ya bluu."

"Niliona ilikuwa ya bluu."

"Sisi pale ofisini hatukuwa na neno jingine," Eizo alisema. "Kutwa nzima ni X. Nilikula nayo, nililala nayo. Hata haikunijia kwamba kuna mtu duniani ambaye X kwake ni kitu kingine. Na kitabu cha kueleza nilikuwa nacho mimi." Akavuta blanketi magotini. "Nilikuwa nacho mimi, Yasuji. Kilikuwa chini ya mto wangu. Ningekutumia kitabu tu."

"Mimi ningeuliza."

"Ndiyo, wewe ungeuliza! Mdomo ulikuwa nao! Kwenye msiba wa baba ulikuwa nao mpana kabisa!"

Ilikuwa hasira, na Yasuji aliipokea kwa furaha ya ajabu, kwa kuwa ilikuwa kitu cha kwanza cha kweli kati yao tangu stesheni. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. Hakuwahi kumwinamia kaka yake hivyo.

"Inuka bwana, sikuoni ukiwa huko," Eizo alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ngoja nikwambie nilichodhani mimi. Nilidhani umeyaona kwenye barua zangu maisha niliyokuitia, ukayadharau. Nikasema, ana haki, ana akili shuleni, kwa nini aje kulala watu sita chumba kimoja. Maana nafasi yako nilishaiombea kwa bosi. Nilimwambia, mdogo wangu anakuja mwakani, ana mstari kuliko sisi wote hapa. Akaziona zile kurasa. Akasema mlete. Wakaniwekea godoro lako pembeni ya langu."

"Godoro?"

"Lilikaa limekunjwa hadi maua ya cherry yakaanguka. Kila jioni tunatandika, lile siligusi. Mwezi wa nne akaja kijana wa Akita, wakampa yeye." Alipapasa kikombe, akakuta ni kitupu. "Mimi mstari wangu ulikuwa unatetemeka, unajua. Toka utotoni. Ndiyo maana walinipa kazi ya kujaza weusi, miaka kumi na mmoja, halafu nikaacha nikaingia kiwanda cha kufunga vitabu. Kujaza nilijua. Mstari sikuwa nao. Nilikuwa nimepanga mstari uwe wako."

Yasuji alilia bila kujificha. Mzee wa miaka sitini na minne, kwenye nyumba ya watu, kikombe kitupu mbele yake.

"Zipo?" Eizo aliuliza. "Zile kurasa. Umezileta?"

"Nilizichoma. Kwenye moto wa maji ya kuoga."

"Zote?"

"Zote."

Eizo alitafakari. "Maji yalipata moto?"

"Mama alisema hajawahi kuoga maji mazuri kama yale."

Kutoka jikoni Fusae alitoa sauti ambayo ilikuwa kicheko au kitu kingine, na Eizo naye akatikisika mabega, akafuta macho yake yasiyoona pembeni.

Ndipo Yasuji akafungua lile jalada gumu. "Nimechora mmoja upya. X nimeweka mimi, kama nilivyokumbuka. Weusi sijatia."

 Eizo alivaa miwani moja juu ya nyingine, akaita, "Fusae, brashi yangu." Ilikuwa ndani ya droo ya mezani, imefungwa kitambaa, manyoya yake yamesimama sawa. Mtu aliyeacha kazi ile zaidi ya miaka thelathini alikuwa bado anaiosha. Yasuji akafungua chupa ya wino aliyokuja nayo, akashika karatasi kwa viganja viwili isiteleze.

Eizo aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa handaki. Akatafuta X ya kwanza kwa ile tundu ya katikati, akaipata, akashusha brashi. Hakupita nje ya mstari hata mara moja. Alianzia ukingoni, akazunguka mdomo wa handaki pembezoni kwa ncha ya brashi, kisha akajaza ndani, bila haraka, bila kurudia. Nywele za mtoto. Kivuli cha miguu. Miti. Na theluji ambayo Yasuji hakuwa ameivutia hata mstari, ambayo ilikuwa karatasi tupu tu, ikaanza kuonekana inaanguka.

Yasuji alitazama handaki lake likiwa jeusi kwa mara ya kwanza. Lilikuwa refu, na mtoto alikuwa anaingia ndani yake kweli.

"Vizuri," Eizo alisema.

Alisogeza ukurasa upande wa kushoto ukauke, kwa kiwiko, jinsi alivyozoea kufanya akiwa kijana mezani kwa bosi. Akachovya brashi tena, akaigusisha kwenye mdomo wa chupa, akanyoosha mkono mtupu kupokea.

"Haya," alisema. "Wa pili."

Mkono ulikuwa umenyooshwa juu ya meza, kiganja juu, unangoja. Yasuji aliutazama.

"Hakuna wa pili, kaka," alisema.